Kokotoa alama kabla ya kulipa ada: njia ya mwanafunzi kuelekea ukaazi wa kudumu Kanada

Swali: "Shikamoo. Nimetimiza miaka 28 mwezi uliopita. Nina shahada ya uhasibu na nimefanya kazi ya uhasibu kwa miaka mitatu. Nataka kwenda kusoma Kanada na mwisho wa safari nipate ukaazi wa kudumu. Nimepata nafasi mbili. Ya kwanza ni stashahada ya biashara ya miaka miwili, katika chuo binafsi kinachofundisha mtaala wa chuo cha umma. Ya pili ni shahada ya uzamili ya miaka miwili katika chuo kikuu cha umma, na ada yake ni karibu mara mbili. Ajenti wangu anasema stashahada inatosha, kwa sababu 'ukishaingia umeingia'. IELTS yangu (mtihani wa Kiingereza): kusikiliza 7.5, kusoma 7.0, kuandika 6.5, kuzungumza 7.0. Kifaransa nilisoma miaka minne sekondari lakini kimelala. Nina mchumba na tunapanga kuoana. Nichague kipi? Na je, niandike kwenye maombi kwamba nataka kubaki huko?"

Marahaba, mdogo wangu, na umefanya vyema kuuliza kabla hujatoa hela. Nianze na lililo la haraka: hiyo stashahada usiilipie.

Chuo binafsi kinachofundisha mtaala wa chuo cha umma kwa makubaliano ya leseni kilikuwa mlango mpana miaka ya nyuma. Mlango huo umefungwa. Aliyeanza masomo ya aina hiyo tarehe 15 Mei 2024 au baada ya hapo hapati kibali cha kazi baada ya masomo, kile wanachokiita PGWP. Hata kama chuo kingekuwa cha umma chenyewe, kuna kufuli la pili: walioomba kibali cha masomo kuanzia tarehe 1 Novemba 2024 kwa ngazi za stashahada na cheti lazima wawe wamesoma fani zilizoorodheshwa na serikali, kama vile afya, ufundi, kilimo, elimu na sayansi. Biashara ya jumla haimo. Kwa hiyo ungesoma miaka miwili, ukahitimu, ukavaa joho, halafu kibali cha masomo kikaisha ukiwa huna ruhusa ya kufanya kazi hata siku moja ya hiyo kazi inayohesabiwa. Kuingia si kazi ngumu. Kazi ni kubaki kihalali mpaka alama zako zitimie. Ajenti wengi hulipwa kamisheni na vyuo, na kamisheni hiyo haiulizi utakuwa wapi baada ya mahafali.

Sasa tuje kwenye mfumo wenyewe, maana watu wengi huanza safari bila kuuelewa. Ukaazi wa kudumu kwa wenye ujuzi hupitia zaidi Express Entry, mfumo uliopo tangu Januari 2015. Si foleni ya aliyetangulia kuhudumiwa kwanza. Unajiandikisha, unapewa alama kati ya 0 na 1,200, unaingia kwenye daftari la waombaji, na kila baada ya muda serikali huita walio juu ya kiwango fulani. Kila mwito wa namna hiyo ndiyo duru. Ukiitwa una siku 60 za kupeleka maombi kamili. Usipoitwa ndani ya miezi 12, unajiandikisha upya. Quebec wana utaratibu wao peke yao, kwa hiyo yote ninayosema hapa hayawahusu wanaotaka kuishi kule.

Kikubwa ni kwamba usomi peke yake hauna kundi lake kwenye mfumo huu. Mwanafunzi huitwa pale anapokuwa mfanyakazi. Kundi ambalo wengi wa waliosomea Kanada hulilenga ni lile la wenye uzoefu wa kazi wa Kanada, na sharti lake ni angalau mwaka mmoja wa kazi yenye ujuzi ndani ya nchi hiyo. Kazi uliyoifanya ukiwa mwanafunzi wa muda wote haihesabiwi kwenye mwaka huo, hata kama ulikuwa mhasibu kamili kwenye kampuni kubwa. Wengi hulijua hili wakiwa wamechelewa.

Tuchukue ile njia ya uzamili tuipige hesabu. Nitatumia jedwali la alama lililobaki baada ya mabadiliko ya Machi 2025 yaliyofuta alama za barua ya ajira, na nitakuhesabu kama mtu asiye na mwenzi. Habari ya mchumba nitaifikia. Ukianza ukiwa na miaka 28, unahitimu ukiwa na 30, na mwaka wa kazi unatimia ukiwa na 31. Umri wa miaka 31 una alama 99. Uzamili una 135. Mwaka mmoja wa kazi Kanada una 40. Kiingereza kikiwa kwenye kiwango cha CLB 9 (CLB ni kipimo cha Kanada cha ujuzi wa Kiingereza) katika stadi zote nne ni 124. Jumla mpaka hapo 398. Kisha zipo alama za mchanganyiko, yaani elimu ikiungana na lugha, na uzoefu wa nyumbani ukiungana na lugha au na kazi ya Kanada. Kwako zinafika kikomo chake cha juu, 100. Na kwa kuwa uzamili umeupata Kanada, unaongezewa 30. Jumla kuu 528.

Je, 528 inatosha? Kwa mwaka 2025, duru za kundi hilo la uzoefu wa Kanada zilikata kati ya 515 na 547. Kwa hiyo ungeitwa kwenye baadhi ya duru, na kwenye nyingine ungebaki unatazama. Si pabaya, ila si pa kulala usingizi mzito. Na usije ukadanganywa na habari za bahati. Tarehe 13 Februari 2021 serikali iliwaita watu 27,332 kwa mara moja na kiwango kikashuka hadi alama 75. Ilikuwa wakati wa janga la UVIKO-19, mipaka imefungwa, na nchi ikitaka watu waliokuwa tayari ndani. Wapo wanaoendelea kuisubiri siku kama ile. Wewe panga kwa hesabu ya miaka ya kawaida.

Lakini hiyo 528 nimeipa CLB 9, na wewe bado hujaifikia. Hapa naomba usome taratibu.

Kwanza, kama IELTS uliyofanya ni ile ya kitaaluma, ambayo vyuo vikuu huitaka, Express Entry haiitambui. Wanataka ile ya General Training, au mitihani mingine waliyoikubali kama CELPIP na PTE Core. Nimeshawaona watu wakiweka matokeo mazuri ya mtihani usiokubalika na kugundua siku ya kujiandikisha. Pili, tuseme umerudia General Training ukapata alama zilezile. CLB 9 inataka kusikiliza 8.0, kusoma 7.0, kuandika 7.0 na kuzungumza 7.0. Wewe umepungukiwa nusu kwenye kusikiliza na nusu kwenye kuandika. Nusu mbili tu. Ukiwa umeshasoma na kufanya kazi Kanada, nusu hizo zinakupunguzia alama 16, unashuka kutoka 528 hadi 512, chini ya kila kiwango cha kundi hilo mwaka 2025.

Na ukijihesabu leo, ukiwa huko uliko, kabla ya kuvuka bahari yoyote, nusu hizo zina uzito mkubwa zaidi. Umri wa miaka 28 una alama 110. Shahada ya kwanza 120. Kiingereza chako cha sasa 108. Mchanganyiko 38. Jumla 376. Zirekebishe zile nusu mbili: Kiingereza kinakuwa 124, na mchanganyiko unaruka kutoka 38 hadi 75, kwa sababu CLB 9 inafungua hesabu nyingine ya elimu na ya uzoefu. Jumla inakuwa 429. Alama 53 zimetoka kwenye nusu ya kusikiliza na nusu ya kuandika. Hakuna stashahada yoyote utakayolipia itakayokupa alama 53 kwa bei ya mtihani mmoja na miezi mitatu ya kujifunza kuandika barua na insha kwa muda uliopimwa.

Kwa nini nakuhesabu ukiwa bado hujaenda? Kwa sababu ya ile sentensi uliyoitupa katikati kana kwamba haina maana: Kifaransa kimelala.

Kiamshe. Kanada ina lugha rasmi mbili, na tangu mwaka 2023 serikali inafanya duru maalumu za wanaojua Kifaransa. Sharti ni kiwango cha NCLC 7 (NCLC kwa Kifaransa ni kama CLB kwa Kiingereza) katika stadi zote nne, kinacholingana takriban na B2 kwa wanaotumia vipimo vya Ulaya, kuthibitishwa na mtihani wa TEF Canada au TCF Canada. Mwaka 2025 duru hizo zilikata kati ya 379 na 481. Ile ya Machi 21 iliita watu 7,500 kwa alama 379. Linganisha na 515 hadi 547 za wenzao. Na Kifaransa hakikufungulii duru hizo tu. Kinakuongezea alama pia: 50 za nyongeza kwa anayejua Kifaransa kwa kiwango hicho huku Kiingereza chake kikiwa CLB 5 au zaidi, na 12 za lugha ya pili. Jumla 62.

Sasa jumlisha. Ulikuwa na 429 baada ya kurekebisha Kiingereza. Weka 62 juu yake. Unapata 491, ukiwa hujalipa ada ya chuo hata kimoja, ukiwa hujakanyaga Kanada. Ungekuwa umevuka kila kiwango cha duru za Kifaransa za mwaka 2025.

Utaniuliza, mtu aliye nje anaingiaje kwenye daftari bila kazi ya Kanada? Kupitia mpango wa wafanyakazi wenye ujuzi wa serikali kuu. Huu una kipimo chake kidogo cha kuingilia, alama 67 kati ya 100, na ni tofauti na zile 1,200. Watu huzichanganya kila siku. Kwako: Kiingereza cha CLB 9 ni 24, shahada 21, miaka mitatu ya kazi 11, umri 12. Hiyo ni 68, umeshapita. Kifaransa kinaongeza 4, unafika 72. Utahitaji shahada yako ithibitishwe na shirika lililoteuliwa, WES kwa mfano, na uthibitisho huo hudumu miaka mitano. Utahitaji pia kuonyesha fedha za kuanzia maisha, ambazo kwa mtu mmoja ni zaidi ya dola 15,000 za Kanada na kiwango hupandishwa kila mwaka. Fedha hizo hubaki zako. Ada ya chuo hairudi.

Sisemi ni rahisi. Kifaransa cha sekondari kilicholala kwa kawaida kinaamka kwenye A2, ngazi mbili chini ya B2, na kutoka hapo mpaka B2 ni mwaka hadi mwaka na nusu wa saa mbili kila siku, pamoja na mtu wa kuzungumza naye. Kuandika na kuzungumza ndiko wengi huanguka. Kusoma hujipa moyo mapema na kukudanganya kwamba umefika. Lakini tazama umri wako. Kuanzia miaka 20 hadi 29 alama za umri hazisogei, ni 110 zilezile. Umetimiza 28 mwezi uliopita, kwa hiyo una karibu miezi 23 ambayo kusubiri hakukugharimu alama hata moja ya umri. Ukifika 30 zinakuwa 105, 31 ni 99, 32 ni 94, na kuendelea hivyo kila siku ya kuzaliwa mpaka zinaisha ukiwa na 45. Miezi hiyo 23 ndiyo mali yako kubwa kuliko zote, na ajenti wako anataka uitumie kwenye stashahada.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Andikia chuo kikuu leo uombe kuahirisha nafasi ya uzamili kwa mwaka mmoja. Vyuo vingi vikuu hukubali, na wengine watakuomba utume maombi upya, si mwisho wa dunia. Fanya IELTS General Training ndani ya miezi minne. Anza Kifaransa wiki hii. Baada ya miezi minane au tisa fanya jaribio la kweli, lenye saa na msahihishaji. Ukiwa kwenye B1 na unapanda, endelea mpaka mtihani na ujiandikishe moja kwa moja. Ukiwa umekwama A2, nenda ukasome uzamili, kwa kuwa hujapoteza kitu: ukianza ukiwa na 29, mwaka wa kazi utatimia ukiwa na 32, na 528 yako itakuwa 523. Alama tano tu. Na Kifaransa utaendelea nacho ukiwa masomoni, sasa ukiwa na sababu zaidi.

Kama hutaki kusubiri na fedha za uzamili unazo bila kukopa kwa riba, nenda. Ni njia halali na nzuri, na nisingekukataza. Nitakuelekeza mahali penye mashimo.

Kibali cha masomo kinataka uonyeshe, juu ya ada na nauli, dola 22,895 za Kanada za kujikimu kwa mwaka. Hicho ndicho kiwango cha tangu Septemba 2025 kwa mtu mmoja. Tangu Januari 2026 wanafunzi wa uzamili na uzamivu kwenye vyuo vya umma hawahitaji tena ile barua ya uthibitisho ya jimbo iliyowatesa wenzao. Ukiwa masomoni unaruhusiwa kufanya kazi nje ya chuo saa 24 kwa wiki wakati wa muhula. Usizidishe hata wiki moja, kwa kuwa saa za ziada ni uvunjaji wa kibali na huja kuonekana kwenye kumbukumbu za kodi. Baki mwanafunzi wa muda wote kila muhula, isipokuwa ule wa mwisho. Ukipunguza masomo katikati bila ruhusa rasmi unaweza kupoteza PGWP.

PGWP yenyewe hutolewa mara moja tu maishani. Kwa uzamili ni miaka mitatu, hata kama masomo yalikuwa ya mwaka mmoja, na hii imekuwa hivyo tangu Februari 2024. Ndiyo maana, kwa anayefikiria uzamili, nampendekezea pia atazame ule wa mwaka mmoja kama upo kwenye fani yake: ukianza na 28 unakuwa na kazi ya mwaka mmoja ukiwa na 30, alama 534, na miaka miwili ya kibali bado iko mkononi. PGWP inaombwa ndani ya siku 180 baada ya chuo kuthibitisha umemaliza, na wahitimu wa chuo kikuu lazima waonyeshe CLB 7 ya lugha. Halafu kuna jambo dogo linaloumiza: kibali hakivuki tarehe ya mwisho ya pasipoti. Nimewahi kuketi na kijana aliyestahili miaka mitatu akapewa miezi kumi na moja, kwa sababu pasipoti yake ilikuwa inaisha, naye alikuwa na haraka ya kuomba. Kuna utaratibu wa kuongezewa ule muda uliobaki, lakini ni barua, ada na wiki za wasiwasi ambazo pasipoti mpya ingezizuia. Ifanye upya kabla ya kuomba.

Kisha kazi. Hapa ndipo mhasibu kama wewe anaweza kupotea akiwa anadhani yuko sawa. Kanada hupanga kazi kwa ngazi za TEER, kutoka 0 hadi 5, na Express Entry huhesabu 0 hadi 3 peke yake. Mhasibu na mkaguzi wa hesabu yuko TEER 1. Fundi wa uhasibu na mtunza vitabu vya hesabu yuko TEER 2. Karani wa hesabu yuko TEER 4, na mwaka wake mzima ni sifuri. Kwa nje wanafanana: wote wanakaa mbele ya kompyuta ileile, wanatumia programu ileile. Dada mmoja aliniletea barua ya mwajiri akiwa na miezi 14 kazini. Cheo kilisomeka karani wa hesabu, na majukumu yaliandikwa kuingiza ankara, kuhifadhi risiti, kujibu simu za wauzaji. Nilimwuliza kwa siku anafanya nini hasa. Akasema yeye ndiye anayefunga hesabu za mwezi, anasawazisha benki, anaandaa taarifa za fedha na marejesho ya kodi. Ile kazi ilikuwa ya mtunza vitabu kamili, barua ndiyo iliyokuwa ya karani, kwa kuwa ofisi ilinakili tangazo la kazi la zamani. Mwajiri alikubali kuandika upya kwa ukweli, na safari yake ikaendelea. Lakini kama kweli angekuwa anaingiza ankara tu, hakuna barua ambayo ningemshauri aiombe. Afisa huangalia majukumu kuliko cheo, na anaweza kumpigia mwajiri simu.

Kwa hiyo siku utakapotafuta kazi baada ya kuhitimu, usikubali yoyote kwa kuwa kodi ya nyumba inakusubiri, ukidhani utabadilisha baadaye. Kila mwezi wa TEER 4 unakula kibali chako bila kukupa kitu. Mwaka mmoja ni saa 1,560 za kulipwa, na zaidi ya saa 30 kwa wiki hazihesabiwi, kwa hiyo kufanya kazi mbili hakutaufupisha. Kujiajiri nako hakuingii kwenye mwaka huo.

Majimbo nitayagusa kwa ufupi. Jimbo likikuteua kupitia Express Entry unapata alama 600, na kwa vitendo umeitwa. Lakini mwaka 2025 nafasi za majimbo zilikatwa karibu nusu, na kila jimbo hufungua na kufunga milango yake litakavyo. Usichague chuo kwa ahadi ya jimbo. Kama hicho chuo chako kikuu kiko Nova Scotia, New Brunswick, Prince Edward Island au Newfoundland na Labrador, kuna mpango wa Atlantiki ambao mhitimu wa masomo ya miaka miwili aliyeishi pale miezi 16 katika miaka miwili ya mwisho anaweza kuutumia bila mwaka wa kazi, mradi apate mwajiri aliyeidhinishwa na mpango huo. Ni njia ninayoipenda, kwa kuwa inashikilia mwajiri halisi na si kiwango kinachopanda na kushuka.

Na kama mtu atakuja kukuuzia barua ya ajira ya kuongezea alama, ujue alama hizo zilifutwa tarehe 25 Machi 2025. Anakuuzia hewa, na hewa ya kughushi. Anayeruhusiwa kisheria kukuwakilisha kwa malipo ni wakili wa Kanada, msaidizi wa sheria anayetambuliwa na chama cha mawakili cha jimbo lake, mthibitishaji wa Quebec, au mshauri aliyesajiliwa na taasisi inayosimamia washauri wa uhamiaji, na jina lake unaweza kulitafuta mwenyewe kwenye orodha yao. Tafuta la ajenti wako.

Sasa mchumba. Ukifunga ndoa, jedwali linabadilika: sehemu ya alama zako huhamia kwa mwenzi. Kwa ile hesabu ya uzamili, kama mumeo ana shahada ya kwanza na Kiingereza cha CLB 7, mnakuwa na 517 badala ya 528. Alama 11. Wapo watakaokushauri uahirishe ndoa, au mbaya zaidi, uolewe kimya kimya na uandike kwamba hujaolewa. Hilo la pili ni uongo kwa serikali, adhabu yake ni kufungiwa miaka mitano, na mwenzi au mtoto ambaye hukumtaja wakati wa maombi unaweza kushindwa kumdhamini baadaye. Alama 11 zinapatikana kwenye Kifaransa. Olewa mnapotaka. Na msisahau kukokotoa pia za kwake. Huenda yeye ndiye anayefaa kuwa mwombaji mkuu nawe ukaambatana naye. Jambo jingine la uzamili: tangu tarehe 21 Januari 2025, mwenzi wa mwanafunzi hupata kibali cha kazi cha wazi iwapo masomo ya uzamili ni ya miezi 16 au zaidi. Wenza wa wanafunzi wa stashahada kama ile ya ajenti hawapati. Hapo ndipo uzamili wa miaka miwili unaushinda ule wa mwaka mmoja niliousifu, kama mnataka kwenda pamoja.

Kuhusu kuandika kwamba unataka kubaki: sheria ya uhamiaji ya Kanada inatambua nia mbili kwa wakati mmoja. Kutaka ukaazi wa kudumu siku za usoni hakukuzuii kupewa kibali cha muda, ila afisa lazima aridhike kwamba kibali kikiisha bila wewe kupata kingine, utaondoka. Basi usikane na usipige ngoma. Eleza kwa nini masomo haya, kwa nini baada ya kazi uliyoifanya, nani analipa, na una nini kinachokusubiri nyumbani. Ukiulizwa moja kwa moja kama ungependa kubaki ikiwezekana kisheria, sema ndiyo, na kwamba utafuata sheria ikishindikana. Afisa anayejua mhasibu mwenye miaka mitatu kazini anaomba stashahada ya biashara ya ngazi ya chini kuliko shahada aliyonayo atajiuliza maswali. Kwa uzamili, maelezo yako yanajieleza.

Limebaki moja, nalo lifanye kabla hujaaga kazini. Mwombe mwajiri wako barua kwenye karatasi yenye nembo ya ofisi: cheo, tarehe ya kuanza na ya kuacha, saa kwa wiki, mshahara, majukumu yaliyoandikwa kama unavyoyafanya kweli, na jina na sahihi ya msimamizi mwenye simu inayopokelewa. Ile miaka mitatu ina alama 50 za mchanganyiko katika hesabu zote nilizokufanyia zenye CLB 9. Ofisi hufungwa, wasimamizi huhama, na miaka minne baadaye huwa hakuna wa kukuandikia. Iombe nakala mbili, uchanganue moja uitunze kwenye barua pepe yako.